Programu ya kukata na kuunganisha video: sikiliza mwisho wa faili kabla hujatoa hela

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na mama wa bibi harusi, wa Nkuhungu, hapa Dodoma. Salamu zikawa ndefu mno, nikajua kuna jambo. "Mwanangu, video ni nzuri, lakini mbona huku mwishoni bibi harusi anacheka kabla hajafungua mdomo?"

Nikafungua faili. Kanisani kila kitu sawa. Ukumbini, MC ameanza kupishana kidogo na midomo yake. Kufika kwa akina mama wa muheme, ngoma za wanawake wa Kigogo, aibu: mkono ndio kwanza unashuka kwenye ngoma, mlio umeshapita.

Nilikuwa nimenunua programu ya kukata bila kurenda upya, yaani bila kompyuta kuitengeneza video yote upya, leseni halali, kwa hela ya sendofu mbili. Jina nalihifadhi.

Kwa hiyo hapa hutanisikia nikisifia mwonekano wala kasi. Programu zote za namna hii zina kasi, maana kazi yao ni kunakili tu. Harusi ya saa 3 iliyorekodiwa kwa megabiti 24 kwa sekunde ni kama GB 32, na unachosubiri ni diski imalize kuandika. Mimi nauliza swali moja: ukishaunganisha vipande thelathini, sauti iko wapi?

Tatizo linaanzia hapa. Video ikiwa na fremu 25, yaani picha moja moja 25, kwa sekunde, kila fremu inakaa milisekunde 40. Sauti ya AAC, aina ya sauti iliyobanwa, nayo haikatiki popote unapotaka; imefungwa kwa mafungu ya sampuli 1024 (vipimo vidogo vya sauti), na kwenye kilohezi 48, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde, kila fungu ni milisekunde 21 na ushee. Hesabu hizo mbili hazikutani, kwa hiyo kila unapokata, picha inaishia hapa na sauti inaishia pale. Programu makini inasawazisha tofauti hiyo kwenye kila ungio. Ile ya hovyo inapanga vipande kama matofali, na upungufu unalimbikizana. Ungio moja hulioni. Yakifika thelathini, siku ikiwa mbaya, umeshakaribia nusu sekunde.

Namba moja, na mapenzi yangu siyafichi, ni TMPGEnc MPEG Smart Renderer ya Pegasys, kampuni ya Japani. Kwenye H.264, namna ya kubana video, si kila fremu ni picha kamili. Nyingi zimebeba mabadiliko tu kutoka kwa jirani zake, ndiyo maana ukikata ovyo picha inaganda au inavurugika. Hii inarenda upya zile fremu chache zinazozunguka mkato, nyingine zote inaziacha kama zilivyotoka kwenye kamera. Niliipa harusi ileile, mikato 34, nikaruka moja kwa moja hadi kwenye muheme. Mkono unatua, ngoma inalia. Nikarudia mara nne kwa raha zangu. Ni ya Windows pekee na sura yake ya kizamani, lakini mteja wangu haioni hiyo sura.

SolveigMM Video Splitter inafuata, kwa mbinu hiyohiyo. Nisingekutana na ya kwanza ningetulia hapa.

Bandicut ni ya tatu. Kujifunza ni dakika kumi, ila hali yake ya kasi inakata penye fremu kamili tu. Ukitaka sekunde halisi unarudi kurenda. Toleo la bure linabandika nembo yake, sasa sijui mama mkwe utamweleza nini.

Za bure, LosslessCut na Avidemux, zinatosha kumega kipande cha hotuba umtumie mtu. (Mashabiki wa LosslessCut, najua mnakuja.)

Kinachoniudhi ni kijana mmoja mwenye meza yake hapa mjini anayewawekea watu hiyohiyo LosslessCut kwa elfu kumi na tano. Kitu cha bure! "Dada, hili ndilo toleo kamili." Mwenzake anauza zilizovunjwa leseni kwenye flashi, na virusi unapewa kama nyongeza. Ukisema ununue kihalali, bei ni ya dola, utafute kadi ya mtandaoni, na makato juu. Halafu mteja anakupa bei ya mwaka juzi, tena anakukumbusha kwamba mpiga video wa Dar siku hizi anapanda treni ya SGR asubuhi na kurudi kwao. Aje basi, tuone.

Hata ukinunua ya bei mbaya, haitaunganisha bila kurenda vipande vyenye kodeki (namna ya kubana), ukubwa wa picha au sampuli za sauti tofauti. Simu ya binamu ndiyo mchawi: nyingi hubadilisha idadi ya fremu giza likiingia. Kubalianeni mapema, fremu 25 na kilohezi 48 kwa kamera zote.

Ukipata toleo la majaribio, chukua faili yenye makofi au ngoma, ikate mara thelathini, unganisha, kisha usihangaike na mwanzo. Nenda dakika ya mwisho.

Mama wa Nkuhungu nimempelekea video mpya. Kacheka kweli, kisha akaniuliza kwa nini shangazi mtu haonekani kwenye keki.