Vibrashi vya Kati ya Meno kwa Wenye Kipandikizi: Tathmini

Kwa mtu mwenye kipandikizi kinywani, yaani jino bandia lililokitwa kwenye mfupa wa taya kwa skrubu, vibrashi vya kusafishia kati ya meno ninaviweka mbele ya uzi wa meno na mbele ya mashine ya kurusha maji, na sababu imo katika ufizi wenyewe. Jino la asili hushikwa na nyuzinyuzi zinazotoka ufizini na kujikita katika mzizi. Skrubu ya titani, ambayo Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alianza kuwawekea wagonjwa mwaka 1965, huungana na mfupa moja kwa moja, huku nyuzi za ufizi zikipita kando yake au kuizunguka tu bila kujikita ndani. Damu nayo hufika pale kwa uchache, kwa kuwa ule utando wenye mishipa unaouzunguka mzizi wa jino haupo. Kwa hiyo ukoga ukiachwa kwenye shingo ya kipandikizi, uvimbe huweza kuufikia mfupa kwa kasi kuliko kwenye jino la asili.

Vibrashi nilivyonunua vina waya uliofunikwa kwa plastiki, na hilo ndilo jambo la kwanza la kukagua, kwani chuma kitupu kinaweza kukwaruza titani na mikwaruzo hiyo ikawa maficho ya bakteria. Nywele zake ni laini bila kulegea, na shingo yake hupinda vizuri kufikia magego. Ukubwa ndio unaoamua kila kitu: nywele zijaze pengo, lakini waya usisuguane na jino wala usilazimishwe kupita. Taji la kipandikizi, ile sehemu ya juu inayoonekana kama jino, mara nyingi ni pana kuliko shingo yake, hivyo chini yake hubaki nafasi kubwa, nami nililazimika kutumia saizi mbili tofauti katika kinywa kimoja.

Kasoro zipo. Saizi nyembamba hulala nywele mapema mno, na waya wake hukatika ukizungushwa badala ya kusukumwa na kuvutwa. Kinachoniudhi zaidi ni maandishi ya pakiti yanayodai kwamba vibrashi hurudisha ufizi ulioshuka. Ufizi ulioshuka haukui tena kwa kusuguliwa, na mgonjwa hapaswi kuuziwa tumaini hilo. Kinachowezekana, na ni kikubwa, ni kutuliza uvimbe ambao bado haujagusa mfupa; damu kidogo inayotoka mwanzoni ni dalili ya uvimbe huo, si sababu ya kuacha kusafisha. Usaha, au damu isiyokoma licha ya usafi wa kila siku, humhitaji daktari wa meno apime kina cha ufizi na kupiga picha ya mfupa, hasa kwa mvutaji sigara au mwenye kisukari kisichodhibitiwa.

Ninavipendekeza bila kusita kwa wenye vipandikizi na kwa wenye mapengo kati ya meno yao ya asili. Meno ya mbele yaliyobanana yaachiwe uzi.