Cherehani ya kushonea kwilti: kabla hujatoa hela, pima kwapa

Jamani naandika hii hasira haijaisha. Cherehani aliyoniachia mama imenifia mwezi uliopita, nikiwa katikati ya kwilti, lile blanketi la vipande vya vitambaa, ya kitanda cha tano kwa sita, vipande vya kitenge nimekusanya kwa mafundi mwaka mzima, juu nishaunga yote, imebaki kushona tabaka tatu pamoja, yaani kitenge, pamba ya katikati na shuka la chini. Fundi kaifungua kanionyesha gia ya plastiki imepasuka, uzee tu, na spea yake haipatikani tena. Nikakimbilia Kariakoo nikanunua mpya laki nne na nusu, nyeupe nzuri, mishono kibao. Kufika nyumbani naviringisha kwilti kama mkeka niipitishe, haipiti!

Dukani wote tunauliza ina mishono mingapi, ina taa, inatoboa matundu ya vifungo. Kwenye kwilti mshono ulionyooka ndio unafanya karibu kazi yote. Cha kuangalia ni ule uwazi chini ya mkono wa mashine, kati ya sindano na nguzo ya kulia, mimi naita kwapa. Kwilti inashonwa kuanzia katikati kwenda pembeni ili pamba isijikunje, kwa hiyo nusu nzima ya blanketi lazima ikae humo kwapani imeviringishwa. Hii yangu mpya ina inchi 6 tu, roli inabanana, unavuta kwa nguvu, sindano inapinda, inakatika. Nimevunja nne jioni moja. Nenda na futi dukani dada yangu, usione aibu.

Namba moja kwangu ni Juki TL-2010Q, na mimi Juki sifichi naipenda. Kwapa inchi 8 na nusu, mshono ulionyooka peke yake, mishono 1,500 kwa dakika, mwili wa alumini, na inakata uzi yenyewe. Sema ni ya kuagiza, na ukiagiza hakikisha ni ya volti 220 mpaka 240, maana za Marekani ni 120.

Namba mbili Juki DDL-8700, ile ya mafundi wa viwandani. Kwapa inapita inchi 10, halafu kichwa kimezama mezani kwa hiyo kwilti inalala flati haikuvuti mabega. Omba mota ya servo, inayozunguka ukikanyaga tu, maana ile ya zamani ya klachi inazunguka muda wote hata hujakanyaga, inakula luku bure na kelele juu. Ikishakaa chumbani haihami.

Tatu Butterfly nyeusi ya miguu. Chuma, kila fundi anaijua, umeme ukikatika wewe unaendelea. Kwapa yake ndogo kuliko za Juki, ila kwilti ya mtoto inapita vizuri.

Hizi ndogo za bei rahisi ni za kupunguzia suruali, basi.

Sasa wauzaji. Mimi niliuliza nikaambiwa laki nne na nusu, mdogo wangu wa kiume kapiga simu duka hilohilo siku ya pili kaambiwa laki tatu na themanini, mashine ileile! Ukiomba kujaribu wanakupa kipande kimoja cha pamba nyepesi, ukitoa tabaka zako tatu kwenye mkoba wananuna. Na wale wa mitumba ya Japani wanakuchomekea mashine ya volti 100 bila kukuambia inataka transfoma, ukifika kwako ukaiweka kwenye 230 mota inaungua, na ukirudi wanakuambia umeiharibu mwenyewe. Tunafanya kazi hela ipatikane, kwa nini mtu asikuambie ukweli kabla hujalipa?

Yangu wamegoma kuirudisha. Kwilti nimeanza kuishona kwa mkono, sindano ndefu na uzi mnene, mpaka jana usiku nimemaliza mistari mitatu.