TAHADHARI: Swichi za bilji pampu "orijino" za elfu sitini na tano, zimenizamishia boti

Wenye boti, hasa sisi wa Unguja, Pemba, Mafia na Tanga tunaoagiza vifaa Dar kwa simu, someni hii kabla hamjatuma hela. Kuna muuzaji mtandaoni anauza swichi za otomatiki za bilji pampu, ile pampu ya kutoa maji yanayojikusanya ndani ya boti. Ni zile zenye floti, yaani kiboya, inayoinuka maji yakijaa kwenye ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti) na kuiwasha pampu bila mtu. Anasema duka lake liko Kariakoo. Boksi lina jina kubwa la Marekani ambalo kila fundi wa boti analijua. Kilichomo ndani hakistahili kufungwa hata kwenye tangi la nyumbani.

Nina boti ya faiba ya futi 24, natia nanga Nungwi, kaskazini ya Unguja, napeleka wageni kisiwa cha Mnemba. Swichi yangu ya zamani ilidumu miaka mitano ikafa kifo cha kawaida: floti inapanda, pampu kimya. Nikaulizia mpya, nikaambiwa laki na arobaini, nikashtuka. Ndipo nikaliona tangazo la huyu bwana. Elfu sitini na tano, "orijino bosi wangu, garantii mwaka mzima". Akanirushia na video: swichi imewekwa kwenye beseni, floti inapanda, balbu inawaka. Nikatuma hela, mzigo ukaja na boti ya asubuhi, nikaufunga siku hiyo hiyo.

Sasa hivi ndiyo naiangalia ile video kwa jicho la pili. Maji ya bomba, sekunde kumi, balbu ndogo. Hata swichi ya tochi ingefaulu mtihani huo. Pampu yangu ni ya galoni 1,100 kwa saa, inavuta kama ampea nne, na inafanya kazi ndani ya maji ya chumvi yaliyochanganyika na oili. Hakuna cha kufanana.

Ilifanya kazi wiki saba. Halafu ukaja usiku mmoja wa Aprili, masika yamekolea, na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo au mpevu, juu yake. Anayejua Nungwi anajua hesabu ya bamvua: maji yanakupwa kama saa nne usiku, yanajaa kama saa kumi alfajiri. Boti ikakaa mchangani, mvua ikaanza saa tano, ikanyesha bila kupumua. Boti yangu haina kifuniko. Pigeni hesabu wenyewe: mvua ya sentimita kumi juu ya mita za mraba 12 ni lita 1,200, tani moja na ushee, na yote inateremkia kwenye tezi, nyuma ya boti, ilipo mashine. Kizibo cha tezi huwezi kukiacha wazi usiku, kwa sababu bahari inarudi. Kazi hiyo ilikuwa ya swichi.

Saa kumi kasoro jirani yangu mvuvi akanipigia: "Bwana we, njoo mbio, chombo chako kinakunywa maji." Nilipofika, omo, yaani mbele ya boti, imeinuka na tezi imebaki chini. Bahari ilipojaa, boti haikuelea, ilikaa pale pale mawimbi yakiingia kwa nyuma. Betri mbili ndani ya maji, mashine imezama mpaka kofia. Tulifua maji watu sita kwa madumu yaliyokatwa mpaka jua likatoka. Mashine nimeikomboa kwa fundi, betri zimekwenda, na wiki mbili za wageni zimekwenda pia.

Nikamwandikia muuzaji. Jibu lake la kwanza: "Umefunga vibaya kaka." Sawa, na ni swali la haki, kwa sababu mafundi wengi wanafanya kosa moja: wanaiunganisha swichi baada ya kizimio kikuu cha betri. Ukizima kila kitu ukaenda kulala, na swichi nayo imelala. Yangu ilikuwa imechukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, ikiwa na fyuzi yake peke yake, na fyuzi ilikuwa nzima. Nikampigia picha, nikamtumia. Jibu la pili: "Garantii haihusu maji ya chumvi." Swichi ya boti hiyo, jamani! La tatu halikuja, alinifungia.

Basi ile swichi nikaikata kwa msumeno wa chuma. Juu ya ganda imeandikwa ampea 15. Ndani nikakuta kijiswichi cha plastiki, ukubwa wa punje ya hindi, kimechapwa "3A" kwa herufi ndogo. Pale waya unapoingilia palitakiwa pawe pamezibwa kabisa. Wao wameweka tone la gundi ya moto, ile ya wanafunzi, na limebanduka kwa ukucha. Chumvi imepita hapo, na miguu ya shaba ya kile kijiswichi imegeuka unga wa kijani.

Waya ndio ulionikera zaidi, kwa sababu ningeweza kuujua siku ya kwanza. Waya mzuri wa boti ni shaba iliyopakwa bati: nje nyuzi zina rangi ya fedha, ukizikwangua na kisu unaona wekundu ndani. Huu ulikuwa kinyume, nje mwekundu, ndani mweupe. Ni aluminiamu iliyovishwa shaba. Uzi mmoja ukiushikia kiberiti unajikunja na kuyeyuka, na ukiukunja mara chache unakatika. Kwenye unyevu wa chumvi hauna maisha. Skrubu zake nazo zilinata kwenye sumaku kama misumari ya bati, dalili ya chuma cha kushika kutu.

Si mimi peke yangu. Rafiki yangu wa Mafia alinunua kwa mtu huyo huyo, yeye ikamfia kinyume: floti ilipanda ikagoma kushuka. Pampu ikazunguka kavu usiku kucha, asubuhi betri haina hata nguvu ya kuwasha mashine, na mota ya pampu imeungua. Alivutwa na mashua ya dagaa.

Kama mmeshanunua, au mna swichi yoyote msiyoijua asili yake, ifungueni mkaijaribu nje ya boti kwanza. Mimi sasa nafanya hivi: naifunga jiwe, naizamisha kwenye ndoo ya maji ya bahari usiku kucha, ncha za waya zikiwa nje. Asubuhi nashika ncha hizo kwa mita ya umeme, nimeiweka kwenye mlio. Floti ikiwa chini, mita inyamaze kabisa. Ikipanda, ilie palepale bila kukwaruza. Halafu naigeuza mita ipime ohimu, yaani ukinzani wa umeme, floti ikiwa imerudi chini. Ikionyesha namba yoyote, hata kubwa, maji yameshaingia ndani, na hiyo naitupa bila kujiuliza. Ikipita hapo naiunganisha na pampu yenyewe na betri, pampu nayo ikiwa ndani ya ndoo, nainua na kushusha floti mara ishirini huku nimeushika waya. Waya ukipata joto mkononi, haufai.

Hata iliyo orijino isiachwe kujiendea. Tulizoea kuingiza kidole, kuinua floti, kusikia pampu inanguruma, basi, tumeridhika. Kidole kina nguvu kuliko maji. Floti iliyogandana na grisi na magamba ya samaki kidole kitaiinua, maji hayataiinua. Na pampu kunguruma si kutoa maji: chujio linaweza kuwa limezibwa na kipande cha mfuko au uzi wa nyavu. Kwa hiyo mimi kila Ijumaa namwaga ndoo mbili za maji kwenye ngama, nakaa kimya, nangoja. Lazima iwake yenyewe, maji yatoke ubavuni kwa nguvu, halafu izime yenyewe. Isipozima, tazama kama bomba linarudisha maji au kuna takataka chini ya floti. Chini ya floti ndiko kunakojaa uchafu, na mabaharia wanaosafisha boti huwa hawafiki huko. Nawapa mswaki wa zamani na sabuni ya unga. Petroli wala tina sisafishii, inakula plastiki, na mvuke wake ukiwa umejaa chini cheche moja inatosha.

Viungo vya waya ndani ya ngama visiwe vya kusokota na kuzungushia selotepu nyeusi. Pandisha viungo juu, mahali ambapo maji hayafiki, utumie mirija ile ya gundi inayojibana kwa moto. Kwangu niliwahi kupima betri ina volti 12.6 na kwenye pampu zinafika 10.9, pampu ikizunguka. Zilizopotea zote zilikuwa kwenye kiungo kimoja cha selotepu.

Na msije mkadhani galoni 1,100 ni ngao. Hiyo ni lita 69 kwa dakika, na imepimwa bila kupandisha maji juu. Tundu la inchi moja, sentimita 30 chini ya mstari wa maji, kwa hesabu ya vitabuni linaingiza lita 74 kwa dakika. Dumu lililokatwa bado lina nafasi yake kwenye boti.

Kuhusu huyu muuzaji: malalamiko nimepeleka Tume ya Ushindani, FCC, maana bidhaa bandia kwa Bara ndiyo kazi yao. Risiti sina, aliniambia mashine ya risiti mbovu, na mimi nikakubali, hilo ni kosa langu. Nina ujumbe wa malipo na mazungumzo yote. Ukurasa wake ameshaubadilisha jina mara moja, lakini video ya beseni ni ile ile: beseni la bluu lenye ufa pembeni, na mkono wenye saa ya dhahabu. Kwenye boksi, neno "Automatic" limekosa herufi, limeandikwa "Automtic".

Aliyepo Nungwi akitaka kuiona, ninayo. Nimeikata vipande viwili, iko kwenye kopo la maziwa pale tunapowekea maboya ya wageni.