Kuziba sampu ya oili iliyopasuka kwa J-B Weld: uzoefu wangu

Ninayoizungumzia ni J-B Weld ya asili, gundi ya epoksi ya kuungia chuma, ile ya mirija miwili: mweusi una gundi yenye chuma, mwekundu una kigumishi. Nimezibia sampu mbili (sampu ni bakuli la oili lililo chini ya injini), moja ya aluminiamu iliyopasuka kwa kugonga jiwe na nyingine ya bati iliyotobolewa na kutu. Zote sasa ni kavu. Ila ya bati ilikataa mara ya kwanza, na kosa halikuwa la gundi. Oili ilikuwa haijaisha.

Kazi nzima iko hapo. Ukishamwaga oili, ile iliyoshika kwenye kuta za injini huendelea kuchuruzika kwa saa nyingi, na penye ufa hupenya taratibu kutoka ndani. Unasafisha mpaka chuma kinang'aa, unageuka kuchanganya gundi, na ukirudi utando umeshatokeza tena, mwembamba kiasi kwamba jicho haliuoni. Gundi inakauka juu ya oili badala ya kushika chuma. Kesho yake unaibandua kwa ukucha kama gamba la samaki.

Kwa hiyo pasha injini kidogo, mwaga oili, kisha acha bolti ya kumwagia wazi usiku kucha. Gari likae juu ya stendi, kamwe si juu ya jeki peke yake, na liinamishe ili oili iliyobaki ikusanyike upande usio na ufa. Asubuhi sugua kwa brashi ya waya, puliza dawa ya kusafishia breki, futa kwa kitambaa cheupe. Usitumie petroli kwa mpanguso wa mwisho, maana huacha mafuta yake, na mvuke wake chini ya gari ni hatari. Kitambaa kikitoka na rangi ya kahawia, hata hafifu, bado. Sugua kwa msasa namba 80 mpaka uone mikwaruzo inayokata huku na huku, safisha tena, na usiguse tena kwa kidole.

Aluminiamu inahitaji subira zaidi kwa sababu oili hujificha ndani ya ufa. Ipashe kwa mashine ya kukaushia nywele dakika chache uone kama inatoa jasho la oili, futa, rudia mpaka jasho likome.

Kuchanganya ni rahisi: kamua mistari miwili yenye urefu na unene sawa, koroga mpaka michirizi yote ipotee na ibaki rangi moja ya kijivu. Kigumishi kikipungua, gundi hubaki laini. Una kama dakika 25 za kufanyia kazi. Tabaka la kwanza liwe jembamba, likandamizwe kwa nguvu liingie kwenye mikwaruzo. Juu yake laza kipande cha wavu wa faibaglasi kinachozidi ufa kwa milimita 25 kila upande, kisha funika kwa tabaka la pili, jumla kama milimita 2 hadi 3. Gundi hii kabla ya kushika ni laini, kwa hiyo chini ya sampu inateremka. Ishikilie kwa karatasi ya plastiki na utepe mpaka ishike.

Inashika ndani ya saa 4 hadi 6, lakini inakomaa kwa saa 15 hadi 24. Mimi nasubiri 24 kamili, na kwenye baridi zaidi ya hapo. Joto halinipi wasiwasi: watengenezaji wanaipa uwezo wa kuhimili nyuzi 287 za Selsiasi, na oili ya kwenye sampu kwa kawaida huwa kati ya 90 na 120.

Kuna mahali nisipoithubutu. Ufa unaoanzia kwenye tundu la bolti ya kumwagia utarudi, kwa sababu bolti hiyo inakazwa na kulegezwa kila unapobadilisha oili. Ukingo unaokaa kwenye gasketi, ile inayoziba kati ya sampu na injini, pia siuzibi kwa gundi. Na bonde lililobonyea kwa ndani ni hatari hata kama halivuji: chujio la pampu ya oili hukaa karibu sana na sakafu ya sampu, na bati likipanda hadi hapo, pampu inakosa oili. Taa ya oili ikiwaka baada ya kugonga kitu, zima injini hapo hapo, usisubiri ufike.

Ufa mrefu wa aluminiamu unataka sampu ishushwe. Toboa tundu la milimita 2 au 3 kwenye kila ncha ili ufa usiendelee kukimbia, na chimba mfereji wenye umbo la V hadi nusu ya unene. Usifanye hivyo sampu ikiwa garini, vumbi la chuma litaingia ndani. Wakati wa kurudisha, sampu ya bati kwanza nyoosha ukingo wake kwenye matundu ya bolti, huwa umevutwa kwa kukazwa kupita kiasi. Silikoni ya kuzibia ukingo iwe mstari wa milimita 3 hivi, upite upande wa ndani wa matundu. Ikizidi, inajikunja ndani, inakatika na kwenda kuziba lile chujio. Bolti za milimita 6 hutosheka na nyutoni-mita 8 hadi 12, ukikaza kwa kuvuka pande; kitabu cha gari lako ndicho cha mwisho.

Kabla ya kutembeza gari, weka washa (pete ya kuzuia kuvuja) mpya kwenye bolti ya kumwagia, jaza oili, futa kiraka na upake poda ya mtoto juu yake na pembeni. Washa injini dakika 15, zima, lala chini na tochi. Poda ikibaki nyeupe, umeziba. Kukiwa na mstari mweusi mwembamba kama uzi, fuata uzi huo hadi unapoanzia: mara nyingi ni ukingo wa kiraka, pale msasa haukufika.