Bastola ya mkono ya kufungulia vitasa: tathmini ya fundi baada ya miezi 8 ya kazi

Kwa miaka mingi nilifungua vitasa vya silinda kwa ndoano za mkono peke yake, nikiinua pini moja baada ya nyingine, na niliamini kabisa kwamba fundi anayeijua kazi yake hahitaji kingine. Miezi 8 iliyopita nilinunua bastola ya mkono ya kufungulia vitasa, ile isiyotumia betri wala umeme, na tangu siku hiyo imo katika mfuko wangu wa kazi kila ninapoitwa kwenye mlango uliojifunga. Naiandika tathmini hii kwa ajili ya mafundi wenzangu, hasa wale wanaoanza, kwa sababu sifa nyingi zinazomwagiwa kifaa hiki hukisifu kifyatuo na kuusahau mkono wa kushoto, ilhali mkono wa kushoto ndio unaofungua mlango.

Kifaa chenyewe ni rahisi kukielewa. Kina mpini wa chuma unaojaa kiganjani, kifyatuo kinachobanwa kwa vidole, sindano nyembamba ya chuma kigumu inayotokeza mbele, na gurudumu dogo linalozungushwa kwa kidole gumba ili kuongeza au kupunguza nguvu ya pigo. Ukibana kifyatuo taratibu, springi ya ndani hujikaza hadi inapofika kikomo, kisha huachia ghafla na sindano hupiga juu pigo moja kavu. Pamoja nayo huja vyuma vyembamba vilivyokunjwa vya kukazia, ambavyo huingizwa kwenye tundu la ufunguo ili kukisukuma kiini cha silinda kizunguke. Niliyonunua mimi ilikuja na sindano 3 za unene tofauti na vyuma 2 vya kukazia, na viwili hivyo ndivyo vilivyonisikitisha zaidi, kwa sababu vilikuwa vinene na vigumu mno kiasi cha kutompa fundi hisia yoyote ya kinachoendelea ndani. Nimevibadilisha kwa vyembamba vyangu vya zamani.

Ili kuelewa kwa nini bastola hii inafanya kazi, ni lazima kwanza tukumbuke kitasa chenyewe kimeundwaje. Kitasa cha pini ni wazo la kale. Wamisri wa zamani walikuwa na makomeo ya mbao yaliyotumia vijiti vinavyoanguka kwenye matundu, na katika karne ya 19 Linus Yale Mdogo wa Marekani alilipa wazo hilo umbo tunalolijua leo, lenye ufunguo mwembamba bapa, kwa hataza alizopata mwaka 1861 na 1865. Ndani ya silinda kuna kiini kinachozunguka na ganda lisilozunguka, na katika kila tundu mna pini mbili zilizokaa moja juu ya nyingine, ya chini ikigusana na ufunguo na ya juu ikisukumwa na springi. Pini ya juu ndiyo inayovuka mpaka kati ya kiini na ganda na kukizuia kiini kisizunguke. Ufunguo sahihi huziinua pini zote hadi maungio yake yalingane na mpaka huo, na mlango hufunguka.

Bastola haiinui pini, bali huzigonga. Yeyote aliyewahi kucheza gololi anajua kwamba ukiipiga gololi iliyogusana na nyingine, ile ya mbele ndiyo inayoruka na ile ya kati hubaki karibu palepale. Sindano inapopiga pini za chini, nguvu ya pigo hupita ndani yake na kuzirusha pini za juu, ambazo hupaa dhidi ya springi zake na kuacha pengo kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Ikiwa katika muda huo mfupi pini zote za juu zimetoka nje ya kiini, na ikiwa mkono wa kushoto unakikaza kiini kwa kiasi kinachofaa, kiini huzunguka kabla ya pini kurudi. Nililiona jambo hili kwa macho yangu nilipokata ubavu wa silinda moja chakavu kwa msumeno na tupa, nikaibana kwenye jiliwa na kuanza kuipiga polepole huku taa ikimulika dirisha nililolikata: pini za shaba za chini zilitetemeka tu mahali pake, na zile za juu ziliruka kama punje za mahindi kwenye kikaango. Saa moja niliyokaa mbele ya silinda ile ilinifundisha zaidi ya karatasi ya maelekezo iliyokuja na kifaa.

Sasa niuzungumzie mkono wa kushoto. Kosa la kila anayeanza, nami nililifanya wiki nzima, ni kukaza kiini kwa nguvu kana kwamba anageuza ufunguo. Ukikaza sana, pini za juu hubanwa kati ya kiini na ganda na haziwezi kuruka hata ukipiga kwa nguvu kiasi gani. Ukiacha kukaza kabisa, zinaruka na kurudi bila kiini kusogea. Uzito unaotakiwa ni ule wa kidole kinachoegemea tu kwenye chuma, pungufu hata ya nguvu unayotumia kubonyeza kitufe cha simu, na mara nyingi hufaa kuulegeza mkono baada ya kila pigo ili pini zilizonaswa zirudi chini, kisha kuuegemeza tena sawia na pigo linalofuata. Sindano nayo ikae sambamba na tundu la ufunguo, ikigusa pini zote kwa wepesi, kwa sababu ikiinama kidogo tu itazipiga pini za mbele na kuziacha za nyuma zimelala. Baada ya muda sikio hujifunza pia. Pigo lisilofaa hutoa mlio mzito, wa chuma kinachogonga chuma kilichobanwa, na pigo zuri hutoa mlio mwepesi wenye mtikisiko mdogo wa springi nyuma yake. Unapoanza kuusikia mlio huo wa pili, mara nyingi mlango uko mapigo mawili au matatu mbele yako.

Kuhusu nguvu, naanza daima na gurudumu likiwa karibu na mwisho wa chini, kisha naongeza robo mzunguko kwa wakati. Nikishapiga mara 20 bila dalili yoyote, huiweka bastola chini na kurudi kwenye ndoano. Tahadhari hii nimejifunza kwa gharama yangu mwenyewe. Mwezi wa pili niliitwa kwenye mlango wa mama mmoja mzee aliyetoka nje kumwaga maji, upepo ukaubamiza mlango nyuma yake. Silinda ilikuwa ya zamani, kavu, imejaa vumbi, na kwa haraka ya kutaka kumwingiza ndani nilifungulia gurudumu karibu lote. Mlango ulifunguka, lakini springi moja ilipinda na pini yake ikakwama, hivi kwamba ufunguo wake mwenyewe haukuingia tena zaidi ya nusu. Nilimbadilishia silinda siku hiyohiyo kwa fedha zangu, nikamwomba radhi, na tangu hapo sipigi silinda kavu kabla ya kuipuliza vumbi na kuitia unga kidogo wa grafiti.

Katika vitasa vya kawaida vya pini 5, visivyo na ulinzi wa ziada, bastola hii imeniridhisha sana. Mlango ambao kwa ndoano ungenichukua robo saa hufunguka mara nyingi kabla mwenye nyumba hajamaliza kunieleza jinsi alivyojifungia nje. Hufanya vizuri zaidi katika silinda zilizotumika miaka mingi, ambazo pini zake zimelegea. Kwa silinda ambazo pini zake hukaa upande wa chini, kama zilivyo nyingi za Ulaya, ni lazima bastola ishikwe kichwa chini ili sindano ipige kuelekea pini, na hapo mpini wa hii yangu hugongana na mkono wa kushikia mlango kama uko karibu na tundu. Ni kasoro ya umbo ambayo mtengenezaji angeweza kuiondoa kwa kurefusha shingo kidogo tu.

Kuna vitasa ambavyo bastola haiviwezi, na ni vema mnunuzi avijue kabla hajatoa fedha. Vitasa vya liva, vile vya ufunguo mrefu wenye meno mwishoni, havina pini za kurushwa. Vitasa vya visahani vinavyozunguka, ambavyo Emil Henriksson wa Finland alivibuni mwaka 1907 na ambavyo leo vinajulikana kwa jina la Abloy, havina springi wala pini za juu, kwa hiyo pigo haliongezi lolote. Vitasa vya ufunguo wenye vishimo ubavuni huhitaji zana nyingine kabisa, kwa kuwa pini zake hazikai mahali ambapo sindano hii inaweza kuzifikia. Silinda zenye fito ya ubavuni, yaani kijiti cha chuma kinachokizuia kiini kutoka ubavuni, kama zile za kampuni ya Medeco, hudai pini zizungushwe katika pembe maalumu na si kuinuliwa tu, na pigo halizungushi kitu. Hata kati ya silinda za pini za kawaida, watengenezaji wengine huweka springi moja ngumu zaidi au pini moja ya juu yenye urefu tofauti, kwa makusudi ili zisiruke pamoja na wenzake. Muuzaji anayemwambia fundi kwamba bastola hii hufungua kila kitasa anamdanganya, na aliyeniuzia mimi aliniambia hivyo hivyo.

Ubora wa utengenezaji wake nao una mapungufu. Parafujo inayoshikilia sindano ililegea katika wiki ya tatu, sindano ikachomoka nikiwa kazini na kunaswa ndani ya tundu la ufunguo, nami nikatumia nusu saa kuitoa kwa koleo nyembamba. Nilipomrudia muuzaji, alikataa kunibadilishia kwa madai kwamba nimeitumia vibaya. Nimeitia gundi ya kushikilia nyuzi za parafujo na haijalegea tena, ila fundi hapaswi kumalizia kazi ya kiwanda.

Ukiilinganisha na ya umeme, hii ya mkono ni ya polepole na huchosha kiganja siku yenye kazi nyingi, lakini inampa fundi nafasi ya kusikia na kuhisi kila pigo kivyake, na haizimiki katikati ya kazi kwa kukosa chaji. Kwa anayejifunza naichagua hii bila kusita. Nasisitiza, hata hivyo, kwamba asiinunue kabla ya kuzijua ndoano. Aliyeanza na bastola hupiga na kupiga bila kujua kilichomzuia, na aliyeanza na ndoano hujua papo hapo kwamba pini ya tatu imekwama au kwamba amekaza mno.

Jambo la ruhusa nalo ni sehemu ya tathmini ya kifaa hiki. Sheria za kumiliki zana hizi hutofautiana sana kati ya nchi na nchi. Japani, kwa mfano, ilitunga sheria mwaka 2003 inayokataza mtu kuwa na zana maalumu za kufungulia vitasa bila sababu halali ya kikazi. Fundi aisome sheria ya mahali anapofanyia kazi kabla ya kuagiza. Nami sifungui mlango kabla mwenyewe hajanionyesha kitambulisho na kitu kinachomhusisha na nyumba ile, au jirani hajanithibitishia. Kijana mmoja aliponiita nimfungulie chumba, nilimwomba jambo hilo dogo tu. Alisema anakwenda kulichukua na hakurudi. Ni vizuri pia kujua kwamba bastola huacha alama ndogo za mapigo kwenye pini za shaba, ambazo mtaalamu akiifungua silinda na kuitazama kwa hadubini anaweza kuzitambua. Kwa sababu hiyo huandika kwenye risiti tarehe, zana niliyotumia na jina la aliyeniita, ili mteja asije akapata usumbufu siku mlango huo ukihitaji kuchunguzwa kwa sababu nyingine.

Kwa anayekwenda kununua, naomba aibane bastola dukani mara kadhaa kabla ya kulipa na aitazame sindano kutoka ubavuni. Inapaswa kupaa wima na kurudi palepale. Ikiyumba upande, airudishe rafuni. Azungushe gurudumu kutoka mwanzo hadi mwisho na ahakikishe tofauti ya pigo inasikika kiganjani, kwa sababu nimeshika nyingine ambazo gurudumu lake huzunguka bila kubadilisha chochote. Na aulize sindano za akiba zinapatikana wapi, kwani huvunjika shingoni, pale zinapoingia kwenye kichwa cha bastola, na bastola isiyo na sindano haina kazi mlangoni.