Kumwachia mgeni kibodi kwa muda: screen au tmux?
Zote mbili ni programu za terminali zinazowezesha watu kadhaa kutumia kikao kimoja pamoja. Kwenye screen, ruhusa hutolewa dirisha kwa dirisha. Mwenyeji hubonyeza Ctrl-a na nuktapacha, kisha huandika `multiuser on`, halafu `acladd mgeni`. Amri hiyo ya pili humpa mgeni kila kitu, kwa hiyo ifuatishe mara moja na `aclchg mgeni -wx "#?"` (w ni kuandika, x ni kutekeleza amri, # ni madirisha yote, ? ni amri zote) ili abaki mtazamaji. Zamu yake ikifika, `aclchg mgeni +w 0` humfungulia dirisha 0 peke yake. `aclchg mgeni -w 0` humfungia. Mrudishie pia amri ya kujitoa, `aclchg mgeni +x detach`, asikwame ndani. Kikwazo ni kimoja lakini kizito: mwenye akaunti tofauti haingii bila screen kuwekwa setuid ya root (yaani iendeshwe kwa mamlaka ya msimamizi mkuu), jambo ambalo wasimamizi wengi hulikataa, na wana haki.

tmux haidai hilo. Kuanzia toleo la 3.3, fungua soketi (faili ambalo wateja hulitumia kuifikia seva ya tmux) kwa `-S`, ipe kundi ruhusa kwa chmod, kisha `server-access -a mgeni` na `server-access -r mgeni`. `-w` humpa kibodi, `-r` humnyang'anya. Ila ruhusa hiyo ni ya seva nzima, vikao vyote, hivyo mgeni afunguliwe seva yake. `attach -r` (kujiunga kwa kutazama tu) pekee si ulinzi: anayeichapa ni mgeni mwenyewe.