Mkanda wa akiba ambao haukuwepo

Chini ya kifuniko cha injini ya mashine ya theluji, yaani ile kama pikipiki inayoendeshwa juu ya theluji, pana kishikio kidogo cha kuwekea mkanda wa akiba. Kwenye mashine niliyokodi mimi kilikuwa kitupu. Habari hii nimeshaisimulia kazini, kanisani na kwenye simu na mama Tanga, na kila nikifika kwenye kile kishikio sauti inanipanda.

Tulikuwa watano. Mimi na mume wangu, shemeji aliyekuja kututembelea kutoka nyumbani, dada mmoja wa Bukavu tunayesali naye hapa Fairbanks, na Mmarekani mmoja ninayefanya naye kazi. Ilikuwa Machi, nadhani katikati. Kwa huku Alaska huo ndio wakati wenyewe: jua limerudi, mchana umerefuka, na theluji bado imelala nene. Tukakodi mashine tatu kwa siku nzima, twende Lee's Cabin, nyumba ya magogo kule kwenye milima ya White Mountains, tule, tuote moto, turudi kabla ya giza.

Siku ya kusaini mkataba shemeji aliniambia, "Shemeji, waulize kama kuna mkanda wa spea." Yeye Tanga ni fundi wa skuta, na mashine hizi zinavuta vilevile: puli mbili, mkanda wa raba katikati, hakuna gia za kubadilisha. Mkanda ukikatika injini itanguruma mpaka ichoke na hutasogea hata hatua moja. Basi nikauliza. Mwenye biashara hakunitazama. Alimgeukia yule Mmarekani wetu akamwambia, "Mwambie mikanda yangu haikatiki."

Mwambie! Mimi nimesimama mbele yake. Kadi iliyolipa ni yangu, jina kwenye mkataba ni langu, swali nimeliuliza kwa Kiingereza nilichofanyia kazi nchi hii miaka kumi na moja. Mwenzangu naye, Mungu ambariki, alijibu, "Anakusikia, mwambie mwenyewe." Yule bwana akaendelea kuandika. Nilinyamaza kwa sababu wenzangu walikuwa na furaha na sikutaka kuwaharibia. Hapo ndipo nilipokosea, ningechukua pesa zangu nikaondoka.

Safari ya kwenda sina la kulalamikia. Mashine zilishushwa kutoka kwenye trela pale Wickersham Dome, njia inapoanzia, kama kilomita 45 tangu barabara ya Elliott inapoanza, na kutoka hapo hadi kwenye nyumba ni kilomita 11 hivi. Kijana wao mmoja, mpole sana, alitufundisha taratibu: resi ni kwa kidole gumba cha kulia, breki mkono wa kushoto, na kamba ya kuzima injini ifungwe mwilini ili ukianguka mashine isikukimbie. Alinyanyua nyuma ya kila mashine akaitikisa, ule mpira wa chini unaoisukuma usiwe umegandia theluji. Vishikio vina joto ndani yake. Baridi ilikuwa chini ya nyuzi 20 hasi, lakini viganja vyangu vilikuwa na joto kama nimeshika kikombe cha chai.

Na ile nyumba! Ni ya serikali kuu, ya idara inayosimamia ardhi ya umma, ambayo ina nyumba kumi na kadhaa za namna hiyo humo porini, unaweka nafasi mapema na kulipia kidogo sana. Magogo, jiko la kuni, vitanda vya mbao, basi. Shemeji aliwasha moto, dada wa Bukavu akayeyusha theluji kwenye sufuria, tukapika chai ya tangawizi. Maandazi niliyoyakaanga usiku yalikuwa yameganda kama mawe, tukayapanga juu ya jiko mpaka yakalainika. Mbele yetu milima myeupe, miti midogo ya misprusi iliyoinama kwa theluji, na ukimya ambao sijawahi kuukuta popote, hata mbwa wa kubweka hakuna. Shemeji alisimama dirishani muda mrefu, kisha akasema angetamani marehemu baba yao angeuona mwanga ule. Mume wangu akatoka nje kukata kuni ambazo hatukuzihitaji.

Nikikumbuka saa zile mbili nataka kuwapa waliotukodisha nyota nne kwenye maoni yangu. Lakini zile hazikuwa kazi ya kampuni. Nyumba ni ya umma, chai ni yetu, milima ni ya Mungu.

Tulikuwa tumerudi kama kilomita nne hivi tukipanda mwinuko, nikasikia harufu ya raba inayoungua, halafu mlio kama kofi. Injini ikapaza sauti, mashine ikasimama. Shemeji akafungua pembeni: mkanda umechanikachanika, nyuzi zimejisokota kwenye puli. Akaangaza pale kwenye kishikio. Kitupu. Tukafungua mashine nyingine mbili, nazo hakuna. Kamba ya kuvutia, hakuna. Simu, hakuna mtandao hata nukta moja. Mashine mbili zima, watu watano, na kila mashine inabeba wawili.

Kwa hiyo mmoja wetu abaki peke yake porini kwenye baridi ile? Tulikuwa tunabishana nani abaki (mume wangu ameshavua begi, amekaa kwenye kiti, anasema yeye), ndipo akatokea mzee mmoja na mashine yake kuukuu, anavuta sledi, kigari cha kuburuta juu ya theluji, imejaa kuni. Hakuuliza tunatoka wapi. Mkanda wake ulikuwa wa saizi nyingine, lakini kamba alikuwa nayo. Akamwelekeza shemeji atoe nyuzi zote kwenye puli ili mashine ibingirike huru, akashusha kuni zake pembeni ya njia, akatuvuta mpaka kwenye maegesho. Pesa alikataa. Alichukua maandazi mawili.

Yule mwenye biashara alikuwa anatungoja. Hakuuliza kama kuna aliyeumia. Neno la kwanza, tena kwa yule Mmarekani: "Walikuwa wanakimbiza." Akatukata bei ya mkanda mpya kwenye dhamana, na saa za kuchelewa juu yake. Nilimwambia kishikio kilikuwa kitupu. Akasema tumeupoteza njiani. Yaani tumeipoteza mikanda mitatu, kwenye mashine tatu, chini ya vifuniko vilivyofungwa!

Yule kijana alinifuata kwenye gari wakati nafunga mlango. Aliniambia polepole, "Samahani mama. Mikanda ya akiba iliisha wiki iliyopita, nilimwambia." Nilimshukuru, na bado namshukuru. Ila tangu hapo hasira yangu imeongezeka, maana kumbe alijua. Aliponiambia mikanda yake haikatiki, alijua hana hata mmoja.

Nilikuwa nimeshaandika nyota moja na kumaliza, halafu juzi pesa ya mkanda ikarudi kwenye kadi. Bila ujumbe, bila simu. Nikapandisha zikawa mbili, maana kurudisha amerudisha. Nikawaza ile ya saa za kuchelewa mbona hajarudisha. Nikawaza mume wangu alivyokaa kwenye kile kiti na begi limewekwa chini, tayari kubaki. Nimeshusha tena ikawa nyota moja.

Kwenda kule nendeni, tena mwende Machi. Shemeji ameshasema mwakani anarudi, na mkanda atakuja nao mwenyewe kwenye sanduku. Nimemwambia aandike namba ya saizi kwanza.